Mgongo wa Mkwe

Kafubwe, 19 Januari 1986

Dada Namukonda,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi tu wazima, ila mvua ya mwaka huu imetuchosha. Bati la jikoni linavuja pale pale ulipoweka ndoo ulipokuja kututembelea. Mke wangu anakusalimu na kusema viwavi ulivyotutumia kwa mkono wa dereva vimefika vyote, dereva hakula hata kimoja. Mimi siliamini hilo. Watoto wanakua. Baba hajambo. Kifua kinambana asubuhi, lakini akishapata chai yake anatulia na kuanza kulaumu redio. Bibi yetu anaendeleaje? Na binti yako Ngosa, bibi harusi wetu? Nimesikia mmepanga iwe Agosti, watu wakiwa wamemaliza kuvuna ulezi. Mjomba wake huyu ataleta zawadi, mwambie asiwe na wasiwasi.

Sasa nikupe habari za kazi. Kampuni inatimiza miaka sitini tangu ianze kuchimba shaba hapa, kwa hiyo sisi wa ofisi ya habari tumeambiwa tutoe picha zote za zamani stoo, tuzipange, tuzisafishe upya, zitundikwe kwenye ukumbi mwezi wa Julai. Natamani ungekuja uone. Picha ya kwanza kabisa ni miti na vichuguu, mahema machache, na mzungu mwenye soksi ndefu anaonyesha kitu kwa fimbo. Nilijiuliza ni wapi hapa, mpaka nikakitambua kile kilima cha nyuma: ni sokoni petu. Halafu mnara wa shimo la mgodi unasimama, wa mbao. Halafu vibanda vya duara, mistari na mistari. Halafu nyumba za matofali, bomba la moshi, uwanja wa mpira, na matope meupe ya mgodi yamefunika mto ambamo Baba anasema walikuwa wakivua kambale. Nakaa na mambo haya mchana kutwa mpaka nasahau kula.

Wiki iliyopita nikafungua sanduku la mwaka hamsini na sita, nikaikuta. Unajua ni ipi. Ile ya kalenda. Mama kakaa kwenye ngazi ya mlango, Bibi kasimama kanibeba mimi mchanga, na Baba kasimama naye bega kwa bega, anatabasamu.

Dada, mimi nimekulia mjini, lakini hata sisi wa mjini tunajua kwamba mkwe haonani uso kwa uso na mama mkwe wake mpaka siku ile atakapoingizwa rasmi, apikiwe, aimbiwe. Baba hakuwahi kuingizwa. Tangu utotoni nasikia tu "ile kalenda, ile kalenda," na kila nikikaribia watu wananyamaza. Sasa nimeishika mkononi.

Tatizo ni kwamba Bi Sikazwe, mkuu wetu wa ofisi, ameipenda. Anataka ikuzwe iwe na ukubwa wa mlango, iwe ya kwanza kuonekana mtu akiingia ukumbini. Nilimpelekea Baba nakala. Aliitazama, akailaza kifudifudi mezani, akaenda kulala bila kula. Niambie kilichotokea, dada, na nifanye nini.

Mdogo wako,
Lombe


Chipalo, 2 Machi 1986

Mdogo wangu Lombe,

Barua yako imefika jana, imelowa, maana lori la posta lilikwama matopeni hadi watu wakaanza kupika pale pale barabarani. Sisi hatujambo. Ulezi umesimama vizuri. Nguruwe pori wameanza uchokozi wao. Dereva alikula viwavi. Mimi nilijaza gunia mpaka mdomoni, na nyinyi mmepata nini? Nusu. Mwambie mkeo asiwe mwepesi wa kuamini watu wenye magari.

Bibi anaendelea. Macho yamefifia, mdomo haujafifia. Juzi kaniambia ugali wangu ni wa mtu aliyejifunza kupika jeshini.

Kuhusu harusi, imebaki Agosti. Wanawake wamekwisha kukaa kumchagua kungwi wa kumfundisha Ngosa. Hawakumchagua Bibi. Bibi yako, aliyewafundisha wasichana wa vijiji vyote vya bonde hili, aliyemfundisha hata huyo waliyemchagua. Walikuja kumwambia kwa adabu zote, wakipiga makofi: "Bibi, wewe pumzika." Wanampumzisha tangu ile kalenda ilipofika hapa. Kila msichana akivunja ungo, kila bibi harusi, Bibi pumzika. Nani amwite kungwi wa adabu ambaye mwenyewe alisimama akichekacheka na mkwe wake? Nilidhani kwa kitukuu chake mwenyewe wangemwonea huruma. Yeye aliendelea kupepeta. Mimi ndiye niliyelia.

Picha ichome. Usingoje Julai, ichome leo. Watu wa huku wanakuja mjini kila mwezi kuuza maharage. Wakiiona ukutani, kubwa hivyo, watarudi nayo mdomoni, na Bibi atakufa na aibu ile ile. Ukiniuliza zaidi sijibu. Muulize huyo mzee wako, ana mdomo.

Namukonda


Kafubwe, 20 Machi 1986

Dada,

Hatujambo, bati nimeziba. Nimesikitika sana kwa habari ya Bibi, nilimweleza mke wangu naye akasikitika vile vile.

Kuichoma siwezi. Ni mali ya Kampuni, nitafukuzwa kazi. Na hata nikiichoma haitasaidia, maana picha huchapwa kutoka kwenye negativu, ile ya kinyume ambayo cheusi huonekana cheupe. Negativu ikiwepo, Bi Sikazwe atachapisha nyingine kesho yake. Kwa hiyo nimeanza kuitafuta hiyo. Stoo nzima ni masanduku, panya wameishi humo miaka mingi kuliko mimi. Nikiipata, dada, itapotea. Nakuahidi.

Nilimuuliza Baba. Akasema, "Muulize dada yako, yeye ndiye alikuwa huko." Wewe unasema niulize yeye. Nimekuwa mpira wenu. Tafadhali niandikie. Na mimi nilikuwa kwenye picha ile, hata kama nilikuwa ndani ya blanketi.

Lombe


Chipalo, 11 Mei 1986

Lombe,

Tumeanza kuvuna. Ngosa anavuna kwa kuimba, bado hajui ndoa ni nini. Bibi ana kikohozi lakini hataki dawa ya zahanati, anasema ina ladha ya sabuni.

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Kila nikishika kalamu nakumbuka kazi shambani. Haya, nitakuambia, halafu tusirudie tena.

Nilikuwa na miaka saba. Mama alikuwa mjini kwa mumewe, ana mimba yako. Bibi akaenda kumsaidia kujifungua, mimi nikabaki hapa. Aliporudi alikuwa amenona, ana sabuni na chumvi, na hadithi za bomba linalotoa maji bila mtu kuinama. Tulifurahi. Ikaja Krismasi, vijana wakarudi kutoka migodini na kalenda za Kampuni. Moja ikatundikwa dukani. Watu wakaanza kwenda dukani hata wasiokuwa na cha kununua: "Twende tukamwone kungwi na mkwe wake." Shuleni wenzangu walikuwa wanasimama wawili wawili, bega kwa bega, wanatabasamu hivi, kisha wananitazama mimi.

Bibi alisema, "Sikusimama naye." Wakamjibu, "Picha hii hapa, kungwi. Macho yetu ni mabovu?" Hakurudia tena. Mama akaitwa na wazee wa ukoo, akaja na wewe mgongoni, naye akasema vile vile, wakasema anamkingia mumewe kifua. Basi wazee wakampelekea ujumbe mzee wako: alete jembe na kuku mweupe, aombe radhi, yaishe. Jembe na kuku, Lombe. Hata mlevi anaomba radhi kwa kuku. Akajibu haombi. Wakamzuia Mama hapa mpaka atakapoomba. Hakuomba. Alituma mablanketi, alituma viatu, akakuchukua wewe ukasome huko, kila kitu alifanya isipokuwa kuku. Mama alingoja mpaka akafa.

Na siku ya kumzika, wewe ulikuwa umebeba jeneza, hukuona. Mimi niliona. Alisimama kule barabarani, mbali, bega moja limeshuka, ametupa mgongo. Kaburi la mkewe hakulitazama hata mara moja. Ndiyo maana simwiti vile unavyomwita wewe. Nimeuchukia mgongo ule kuliko ile kalenda yenyewe.

Hayo ndiyo uliyoyataka. Nimechoka sasa.

Namukonda


Kafubwe, 8 Juni 1986

Dada yangu,

Hatujambo sote. Soma barua hii ukiwa umekaa. Ndani ya bahasha kuna picha mbili katikati ya kadibodi. Usizitoe bado.

Nilikuwa natafuta negativu ya kalenda ili niipoteze. Nimefungua masanduku mpaka nikaanza kukohoa kama Baba. Juzi nikapata bahasha ya mwaka ule, imeandikwa jina la mtaa wetu, nikaiinua kwenye mwanga. Ndani zilikuwa mbili. Ile ya kalenda, ya watu wote pamoja, haimo. Haimo kwa sababu haikupigwa, dada. Walipiga picha mbili mbalimbali, wakazikata kwa mkasi, wakazibandika pamoja, ndipo wakaipiga picha hiyo iliyobandikwa na kuitia kwenye kalenda.

Toa ya kwanza. Mama kwenye ngazi, Bibi kasimama kanibeba. Tazama miguuni: vivuli vimelala kushoto. Ni asubuhi. Sasa toa ya pili. Mlango ule ule, Baba peke yake, mkono juu ya baiskeli, anatabasamu kwa mpiga picha. Kivuli chake kimelala kulia. Ni jioni. Hata kwenye kalenda ilikuwa hivyo hivyo, nimeitazama tena: kivuli cha Bibi kinakwenda huku, cha Baba kinakwenda kule, na wamesimama pamoja. Watu wote wale dukani walitazama mabega. Na mimi, ambaye kazi yangu ni hii, nilitazama mabega vile vile.

Sasa rudi kwenye ile ya asubuhi. Wa kalenda waliikata pembeni, mimi nimeichapa nzima. Angalia upande wa kulia, mbali, nyuma ya kichuguu. Kuna mtu amechuchumaa na mzigo wa kuni, baiskeli imelala kando yake. Ametupa mgongo. Angalia mabega yake.

Nilimpelekea Mzee Jere, yule Mngoni, mtani wetu sisi Wabemba, aliyekuwa na Baba shimoni. Hakuhitaji hata miwani. "Huyo ni baba yako, mla nyani huyo," akasema. "Muda wote bibi yenu alipokuwa hapa alilala kwangu, sakafuni, anakoroma. Akitoka shimoni asubuhi anapeleka kuni, anajibanza nyuma ya kichuguu mpaka mama yako atoke kuzichukua. Nikamwambia, wewe Mbemba, mama mkwe si simba. Akaniambia, nyinyi wala panya mtaijulia wapi heshima."

Kisha nikaenda kwa Baba, nikamwekea zote mbili mezani. Safari hii hakuzilaza kifudifudi. Alisema jioni ile Bibi alikuwa amekwenda kliniki na Mama, kunipima mimi uzito, ndiyo maana alithubutu kusimama mlangoni kwake mwenyewe. Kalenda ilipotoka alikwenda ofisini kuwaambia hii si kweli. Wakamwambia picha imetoka nzuri, ashukuru.

Nikamuuliza kwa nini hakupeleka kuku. "Radhi ya nini?" akasema. "Ningepeleka kuku, ningekuwa nimesema kweli alisimama na mimi. Mama mkwe wangu alikuwa amekwisha kusema hakusimama. Nimfanye mwongo kwa kuku?"

Nikamuuliza na habari ya siku ile ya mazishi. Sikutaka, lakini nilikumbuka barua yako. Akasema, "Bibi yenu alikuwa pale kaburini. Ningetazama wapi?"

Dada, waonyeshe wote huko.

Lombe


Chipalo, 6 Julai 1986

Mdogo wangu Lombe,

Hatujambo. Nilikaa kama ulivyosema. Nilikuwa jikoni, na Ngosa aliponikuta nikasingizia kuni mbichi. Bega lile nililitambua papo hapo. Ni lile lile la barabarani. Nina uchungu, Lombe, na sijui niupeleke wapi. Mama alipaswa kuziona picha hizi. Aliwaambia mara ngapi, na alikuwa anasema kweli.

Nilimtoa Bibi nje juani, hapo ndipo anapoona vizuri. Nikampa ile ya asubuhi. Kwanza alijitazama mwenyewe. "Nilikuwa na shingo siku zile," akasema. Akampapasa Mama kwa kidole. Akakupapasa wewe: "Huyu alilia tangu alfajiri, hata mpiga picha alimchoka." Nikamwambia, "Bibi, tazama pembeni, nyuma ya kichuguu." Akaisogeza mpaka ikamgusa pua. Halafu akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kushika kiuno.

"Mgongo huo naujua," akasema. "Ndicho kitu pekee cha mkwe wangu nilichowahi kukiona."

Akaniamuru niwaite wanawake, wote, na huyo kungwi mpya wa Ngosa. Wakaja. Nikawaonyesha vivuli kama ulivyonieleza, nikawasimamisha hapo uani asubuhi na nikawaita tena jioni, wajionee vyao wenyewe vinavyogeuka. Mmoja akasema, "Lakini tuliona kwa macho." Bibi akamjibu, "Mliona. Mimi nilikuwepo." Basi wakalala chini kwenye vumbi, wakapiga makofi, vile anavyopigiwa kungwi. Yule waliyemchagua akasema, "Mwalimu, Ngosa ni wako." Bibi akasema atafikiri. Hakufikiri chochote. Kulipokucha nilimsikia anamgombeza Ngosa kuhusu namna ya kumpa mtu maji.

Sasa agizo lake, naliandika alivyolisema: "Mwambie Lombe amwambie mkwe wangu aje harusini. Aje vile vile alivyozoea, kinyumenyume. Nitamgeuza mwenyewe." Wanawake wakanong'ona kwamba binti yake amekwisha kufariki, mkwe ataingizwaje? Bibi akawauliza, "Mambo haya ya kuingiza wakwe mlifundishwa na nani?" Wakasema ni yeye. "Basi."

Atakuja? Mimi pia namwomba aje. Mwambie ni mimi niliyesema.

Namukonda


Kafubwe, 20 Julai 1986

Dada,

Nakuandikia haraka, lori linaondoka na kazi imenizidi. Watoto wazima, mke wangu ameshona nguo ya harusi mara mbili kwa sababu ya kwanza haikumpendeza.

Bi Sikazwe nilimwonyesha zote. Ni mtu wa Mbala, na kwao mkwe anajificha vile vile. Alikaa nazo, akasema aliichagua ile ya kalenda kwa sababu ya lile tabasamu, basi. Ameitoa. Mlangoni mwa ukumbi sasa ipo ile ya asubuhi, nzima, kubwa. Wageni wa Kampuni wanamtazama Mama na Bibi na nyumba mpya ya matofali. Wazee wa shimoni wao wanakwenda moja kwa moja kwenye kichuguu, wanacheka, wanaanza kusimuliana walikuwa wakijificha wapi wao. Mmoja alikuwa anapanda mwembe wa mpishi wa mzungu.

Baba nilimsomea barua yako. Akaniambia nirudie pale pa kinyumenyume, nikarudia. Akaniambia nirudie na pale ulipomwomba wewe. Akatoka nje. Baadaye nikamkuta anapaka viatu rangi. Hajasema atakuja, lakini amemwita Mzee Jere amnyoe, na amenunua jembe. Nikamwambia, Baba, hakuna kosa, jembe la nini sasa? Akasema, "Hili si la radhi. Ni zawadi. Kuku nitamnunua huko huko."

Mimi sitaweza kuja, maonyesho hayaishi mpaka Septemba, na limeniuma sana. Mke wangu na watoto watakuja naye. Mzee Jere naye anakuja, anasema hawezi kumwachia Mbemba safari ndefu hivyo peke yake, atapotea na jembe lake.

Lombe


Chipalo, 31 Agosti 1986

Mdogo wangu Lombe,

Ngosa ameolewa. Tumechoka, tumeshiba, nyumba nzima inanuka pombe ya ulezi, na mkeo amependeza kuliko bibi harusi, mpe salamu zangu na umwambie hivyo, ingawa atajidai hakujua. Watoto wako wamejifunza matusi ya huku. Utanisamehe.

Baba alishuka pale barabarani, mahali pale pale. Akakuta wanawake wamekwisha kujipanga na Bibi yuko uani, akatupa mgongo papo hapo, jembe begani, kuku mweupe mkononi. Nilikwenda kumpokea mimi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Nilipofika nikasema tu, "Baba, shikamoo, nipe kuku." Akanipa. Kuku ndiye aliyekuwa ametulia kuliko sisi. Nikamshika kiwiko, nikamwongoza kinyumenyume mpaka uani, hatua kwa hatua, wanawake wanaimba, na yule Jere wenu anapiga kelele nyuma, "Kata kona, Mbemba, kuna mtungi." Watu walicheka mpaka wimbo ukawapotea.

Bibi alikuwa amesimama. Alikataa kiti. Nikamfikisha Baba mpaka mgongo ukawa karibu naye, nikamwachia. Bibi akanyoosha mkono, akapapasa, akalishika lile bega lililoshuka.

"Hili lilianguka lini?"

"Ni kuni zako, mama," Baba akasema. Ndilo neno lake la kwanza kwake maishani.

Bibi akamshika mabega yote mawili, akamgeuza. Wakatazamana. Bibi akamtazama weee, kutoka kwenye nywele mpaka kwenye hivyo viatu vinavyong'aa, akasema, "Kumbe umezeeka hivi." Baba akaanza kucheka, na kicheko kikageuka, akalia mbele ya watu wote, Bibi akimlisha ugali wa ulezi na kipande cha kuku kwa mkono wake, anamwambia tafuna, usilie na chakula mdomoni. Mimi nililia pia, na sikusingizia kuni.

Kesho yake tulikwenda kwa Mama, mimi na Baba peke yetu. Safari hii alitazama. Alikaa pale mpaka jua likawa kali, anang'oa majani kidogo kidogo, na mimi nikang'oa upande wa pili. Anakaa na sisi mpaka mvua. Usimngoje.

Sasa kazi yako. Mume wa Ngosa ana kamera. Bibi alipoiona akasema, "Tupigeni sasa, mimi na mkwe wangu." Wakasimama mbele ya mlango wangu, bega kwa bega, katika jua la asubuhi, na sisi wote tukajazana pembeni: Ngosa na mumewe, aliyemwachia nduguye kamera, mkeo, watoto, wanawake wale wote, na Jere ameng'ang'ania kuingia na kuku mwingine. Filamu nimeifunga ndani ya kopo hili la chai, nampa dereva yule yule wa viwavi, kwa kuwa hii hailiki. Isafishe kwa mkono wako mwenyewe, usimpe mtu. Chapa moja kwa ajili ya Bibi, iwe kubwa, anataka ikatundikwe pale dukani.

Na usikate kitu pembeni.

Dada yako,
Namukonda